Tenki la lita 60, nina samaki wa Ziwa Tanganyika wanaokaa kwenye magamba ya konokono, niwaongezee nani wasiuane?

Mtu wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Nina tenki dogo la kioo, sm 60 kwa 30 kwa 35, ukipiga hesabu ni lita 63 ila ukitoa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu nabaki na maji kama lita 50 na ushee. Ndani nina samaki sita wadogo wenye mistari mistari ya kahawia, jamaa alieniuzia anazalisha nyumbani kwake huko Kimara akaniambia hawa ni wa Kigoma, wanaishi ndani ya magamba ya konokono, jina la kitaalamu Neolamprologus multifasciatus, kwa kifupi multi. Nipo nao mwezi wa nne sasa na juzi nimeona vitoto viwili vinachungulia kwenye gamba.

Shida yangu ni moja. Samaki wote wanaishi sm 10 za chini. Juu kweupe kabisa, mgeni akija anaangalia tenki anauliza "samaki wako wapi?". Watoto wanataka rangi, wife anasema nimenunua tenki la mchanga. Nikaenda duka la samaki wa mapambo wakanitajia gapi, beta, goldifishi na yule mnyonya kioo, muuzaji anasema wote wanakaa pamoja maana "wote si samaki tu, maji ni yale yale". Nimesita kidogo nikasema nije kwanza huku. Nani kakaa na hawa viumbe anisaidie?

Kitoweo1
Weka sato wawili mkuu, mwezi wa 12 unachoma. Samaki wa kuangalia tu sijawahi kumuelewa.

Mzee wa Sponji
Kitoweo1 kila uzi wa samaki lazima upite 😂

Mtu wa Tabata, hongera, una samaki wazuri kuliko wote kwa tenki la saizi hiyo na inaonekana hukujua. Kabla hujaongeza mtu nijibu: maji yako ni ya bomba au kisima? Mchana yanafika nyuzi ngapi? Na una magamba mangapi humo?

Halafu kwenye hao wanne aliokutajia muuzaji, hakuna hata wawili ningewaweka nyumba moja, achilia mbali na hao wako. Goldifishi anataka maji ya ubaridi, anakula na kunya siku nzima, na wale wa mkia mmoja wakikua wanapita sm 20, huyo ni wa bwawa sio wa sebuleni. Kwa joto la Dar maji yakifika 29 hewa ndani ya maji inapungua ndo unamkuta anahema juu juu asubuhi. Na kumbuka samaki hana urafiki na kitu kinachoenea mdomoni mwake. Multi jike ni sm 3, dume 4 au 5 akizidi sana. Goldifishi mkubwa anameza huyo bila hata kukusudia.

Mnyonya kioo ndo usiseme, wengi wanaouzwa huku wanafika sm 30 na kuendelea. Unauziwa akiwa kama kidole.

Dada Pleko
Hapo kwa mnyonya kioo naomba nipite taratibu maana ni mimi mwenyewe 😭. Nilimnunua ana sm 5 nikamweka kwenye tenki la lita 80 na enjeli wawili, nikaambiwa anasafisha kioo hutaosha tena. Mwaka na nusu baadae yuko sm 27, usiku anavuruga mawe mpaka tunaamka tukidhani ni panya, kioo chenyewe alishaacha kukisafisha siku nyingi anasubiri chakula kama wengine, na kinyesi chake jamani ni nyuzi nyuzi tenki zima. Kibaya zaidi nikaanza kumkuta usiku amemng'ang'ania enjeli ubavuni anamnyonya ute wa mwili. Enjeli mmoja akafa. Niliishia kumpeleka kwa mtu mwenye bwawa la kujengwa, na msije mkawatupa mtoni, msije.

Ujiji Moja
Nipo Kigoma hapa hapa. Mtu wa Tabata huyo jamaa wa Kimara kakuuzia samaki sahihi ila anuani kakosea kidogo 😀 multi ni wa Ziwa Tanganyika kweli lakini wanajulikana zaidi kusini kule upande wa Zambia. Kwa vile watu wa nje wanasikia Kigoma basi kila samaki wa ziwani anakuwa wa Kigoma. Wa jina la kwetu ni yule frontosa wa Kigoma, mwenye mistari saba na nundu kichwani, lakini usimuwaze, anafika sm 30 na hao multi wako kwake ni dagaa.

Yale magamba ni ya konokono wa humu ziwani tu, Neothauma. Akifa gamba halioozi upesi kwa sababu maji yetu yana madini mengi, basi chini kuna sehemu yamejaa magamba kama kokoto za barabara, na samaki wanaoyatumia sio multi tu. Kuna ocellatus, huyo mkali sana, kuna brevis ambae dume na jike wanaingia gamba moja, mke anatangulia mume anafuata. Ukiona mtu anakushauri "ongeza ocellatus maana nae ni wa kwenye magamba, watapatana" mkimbie. Kwenye sm 60 watagombea sakafu mpaka mmoja abaki. Kufanana maisha ndo chanzo cha ugomvi.

Mzee wa Sponji
Hapo mwisho Ujiji Moja umepiga mule mule. Wageni wengi wanadhani ukichukua samaki wa ziwa moja ndo wanaelewana. Wanaelewana kwenye maji, kwenye ardhi hawaelewani. Multi analinda gamba lake kama mtu wa Tabata anavyolinda mpaka wa kiwanja.

Mtu wa Tabata
Mzee wa Sponji usituseme bwana 😂😂

Majibu: maji ni ya kisima cha jirani, yana chumvi chumvi. Joto sina thamomita ila ni ya kawaida tu ya Dar. Magamba yapo nane. Filta ni ya sponji na pampu ya hewa.

Mzee wa Sponji
Sawa, tuanze na maji maana hapo ndo penye kazi yote, mengine ni maua tu.

Chumvi chumvi sio lazima iwe nzuri. Samaki wa Tanganyika wanataka maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu na kabonati kwa wingi, pH (kile kipimo cha ukali wa maji, asidi au alikali) ya ziwa lile inacheza 8.6 mpaka 9 na kitu. Kisima cha Dar kinaweza kuwa na chumvi ile ile ya kula iliyopenyeza kutoka baharini, hiyo ni habari nyingine. Cha haraka fanya hivi, chukua sabuni ya mche oshea mikono na hayo maji. Ikigoma kutoa povu ujue ni magumu. Halafu tafuta vipimo vya maji hata vile vya karatasi upime pH na ugumu, usikisie.

Kama pH iko chini ya 8, tafuta mawe ya chokaa. Kuyajua dondoshea siki, likitoa mapovu ni chokaa. Liweke ndani au vunja vipande weka kwenye kimfuko karibu na filta. Matumbawe usiende kuvunja baharini, ni makosa kisheria, na hata bila sheria ni aibu.

Sasa umeona kwanini nauliza maji kabla ya rangi? Neoni tetra ni mwekundu na bluu, watoto watafurahi, lakini ametoka mito ya Amazoni kwenye maji laini. Wa kufugwa anavumilia kidogo, ila kwenye pH ya 8.5 anaishi kwa kuungaunga. Watu wanasema "mimi nilimweka na hakufa". Alikaa muda gani? Miezi mitatu. Neoni anaishi miaka.

Magamba nane ni machache kwa samaki sita wanaozaa. Weka mara mbili au tatu ya idadi ya samaki. Chukua ya konokono wale wa shambani madogo madogo yaliyo tupu, chemsha, toa mabaki yote, suuza, chemsha tena. Ya baharini yale yenye ncha nyembamba ndani achana nayo, samaki anaingia anakwama humo anafia humo na unakuja kujua kwa harufu.

Kasarani Fish Guy
Niaje wadau wa Bongo, ruhusa niulize hapa hapa juu naona mnajua kazi. Mi niko Nairobi, tank ni lita 45, maji ni ya bomba. July maji yalishuka mpaka 17 usiku sina heater. Nilikuwa na neon kumi nikabaki na wanne, na goldfish mmoja ndo yuko poa kabisa ananenepa. Sasa nimeambiwa shida ni goldfish anawamaliza. Ni ukweli?

Mzee wa Sponji
Karibu jirani. Kuwala anaweza akikua, lakini hapo mimi nasema baridi ndo imewamaliza. Neoni anataka 22 mpaka 26. Kwenye 17 kinga ya mwili inashuka anapata vidoa vyeupe, unashtuka umechelewa. Wewe umeweka mtu wa baridi na mtu wa joto chumba kimoja halafu ukazima jiko.

Kwako kuna njia mbili. Ununue hita yenye kujizima yenyewe, goldifishi umpe mtu mwenye bwawa, uendelee na neoni wawe sita au zaidi maana hao ni wa kundi, wakiwa wawili watatu wanajificha tu. Au ukubali baridi yako, uweke zebra danio au wale white cloud wa China, hao 18 mpaka 22 ndo raha yao. Kwa lita 45 white cloud wanane, danio wanataka tenki refu kidogo maana wanakimbia kutwa. Maji yenu yale yanayotoka bwawa la Ndakaini kwa nilivyoyaona ni laini, sio kama ya huku pwani, kwa hiyo usije ukaiga mawe ya chokaa ninayomwambia Mtu wa Tabata.

Kasarani Fish Guy
Aah sasa nimeshika. White cloud basi. Asante sana mzee.

Hesabu Kali
Mbona kuna kanuni rahisi tu, sentimita moja ya samaki kwa lita moja ya maji. Lita 50 ni sm 50 za samaki. Multi sita kwa sm 4 ni 24, unabaki na 26, weka gapi saba maisha yaendelee.

Mzee wa Sponji
Mkuu hiyo kanuni chukua oska mmoja wa sm 30 umweke kwenye lita 30 uone kama atageuka. Samaki anakua kwa unene pia sio urefu peke yake. Halafu kanuni haijui nani anakaa chini, nani mkorofi, filta ikoje, unabadilisha maji kila wiki au kila Idd. Ni ya kuanzia tu, tena kwa samaki wadogo wadogo.

Hesabu Kali
Sawa ila mimi nimeitumia miaka mitatu hakuna aliekufa.

Dada Pleko
Mtu wa kwanza duniani ambae hajafiwa na samaki, tukupe kombe 😂

Mkaazi wa Forodhani
Assalaam alaykum. Mimi nipo Unguja, si mtaalamu, nafuga kwa mapenzi tu. Naona mnataja samaki wa Amazoni na wa China, na hapa kwetu tuna samaki mzuri ajabu hamumtaji. Kuna kisamaki cha madimbwi ya mvua, dume mkia wake mwekundu na ubavu una rangi ya buluu ya kuingia kwenye kijani, sisi udogoni tukitoka skuli tukiwavua kwa kanga. Dimbwi likikauka wanakufa wote, masika yakirudi dimbwi likijaa wapo tena, sisi tukiamini wanashuka na mvua. Nimekuja kujua ukubwani kwamba wanataga mayai kwenye tope, mayai yanangoja humo kwenye ukavu miezi mpaka maji yarudi. Wenyewe wataalamu wamuita Nothobranchius guentheri. Je huyu hakai na hao multi? Rangi anayo.

Mzee wa Sponji
Waalaykum salaam ndugu yangu. Umenikumbusha mbali. Hao Notho wapo ukanda wote wa pwani, hata Rufiji kuna aina yake. Ni warembo kweli ila kwa tenki hili hapana. Maisha yao ni mafupi, mwaka hawamalizi, madume wanapigana wao kwa wao, na raha yao ni tope laini la kutagia ambalo multi wataligeuza handaki siku ya kwanza. Huyo mfanyie tenki lake, dume mmoja majike watatu, utafaidi.

Mtu wa Tabata
MREJESHO (msinitukane)

Nimepima. pH 8.2, ugumu uko juu, sabuni kweli iligoma povu. Joto 28 mchana. Magamba nimeongeza yamefika ishirini, multi walifurahi hao, siku ya kwanza wamehamisha mchanga usiku kucha, asubuhi nikakuta tenki lina mashimo kama barabara ya mtaani kwetu na mengine wamefukia kabisa mdomo wa gamba ili jirani asiingie.

Sasa kosa langu. Jumamosi nilipita na kijana wangu dukani akaona beta mwekundu kwenye kikopo, akalia pale, mimi nae huruma, nikasema beta anakaa juu, multi wanakaa chini, watakutana wapi? Muuzaji akaongezea "huyu anakaa popote". Nikamtia. Siku ya kwanza safi, wife akasifia. Siku ya pili akashuka kuangalia kuna nini chini, nadhani chakula kilidondoka. Wakuu, visamaki vya sm 3 vilimtokea kama nyuki. Jumanne mkia wake ulikuwa kama bendera ya chama iliyopitiwa na uchaguzi tatu. Yupo kwenye ndoo sasa hivi, anakula, ila amenuna.

Ujiji Moja
Pole. Ila nimecheka hapo kwenye nyuki. Ulisahau kwamba vile vina vitoto. Multi bila vitoto ni mkali, mwenye vitoto ni polisi.

Mzee wa Sponji
Hatukutukani, wote tumepita hapo. Beta mapezi yake marefu yamezalishwa na binadamu, hawezi kukimbia nayo. Anatoka Thailand kwenye maji yaliyotuama, anavuta hewa juu, anapenda utulivu. Ndo maana nae hafai kuwekwa na gapi dume, akiona mkia mrefu wenye rangi anadhani ni beta mwenzake anapigana nao. Mpe chombo chake cha lita 20 chenye mfuniko maana wanaruka, maji ya 26 mpaka 28, na kwa Dar huhitaji hita. Mkia unaota tena, badilisha maji kidogo kidogo kila baada ya siku mbili. Maji yake yasiwe ya kisima kile, chukua ya bomba ukayaache wazi siku nzima klorini itoke.

Kuhusu ghorofa ya juu, ukiniuliza mimi, kwenye sm 60 multi wanatosha peke yao. Lakini kwa kuwa kuna mtoto na kuna wife nakuruhusu kitu kimoja: gapi madume watano. MADUME TU. Ukichanganya jike, jike wa gapi anazaa kila mwezi hivi, vitoto ishirini mpaka hamsini, na anatunza mbegu mwilini miezi kadhaa kwa hiyo hata ukimtoa dume leo anaendelea kuzaa. Utajaza ndoo za mtaa mzima. Gapi anapenda maji magumu, ndo maana namtaja yeye na sio neoni. Wakae kwanza kwenye ndoo peke yao wiki mbili tatu uone kama wana ugonjwa. Halafu usiingize wote siku moja, bakteria wa filta yako wamezoea uchafu wa samaki sita, ukileta watano kwa mpigo amonia, ile sumu ya kinyesi chao, inapanda kabla bakteria hawajaongezeka. Wawili kwanza, wiki mbili, halafu watatu.

Mama Nuru K
Samahani baba zangu naomba kuuliza, badala ya samaki akiongeza konokono je? Mimi nina gapi tu na wanangu wameokota konokono wadogo bondeni huku kwetu wanataka tuwatie, naona wanasafisha.

Mzee wa Sponji
Mama Nuru shikamoo. Hapana mama, hao wa bondeni wasiingie ndani kabisa, na watoto wakanawe. Konokono wa maji baridi wa madimbwi na mabonde yetu ndo wanaobeba vijidudu vya kichocho, wakiwa majini vinatoka vinapenya kwenye ngozi, na wewe unaingiza mkono kwenye tenki kila wiki. Ukitaka konokono nunua kwa mtu anaezalisha kwenye matenki yake, wale warefu wenye ncha wanaochimba mchanga ni wazuri sana, wanakula mabaki usiku. Hao hata kwa multi wanafaa, ingawa multi wakiona gamba linatembea wanachanganyikiwa kidogo.

Mama Nuru K
Marahaba mwanangu. Nimewatupa, na Nuru kanawa hadi kiwiko. Asante Mungu akubariki.

Mbamba Bay
Mi naomba nitetee mbuna, wale samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, maana naona watu wa Tanganyika mmejaa. Demasoni, bluu na nyeusi, ni wa huku upande wetu wa Tanzania, mdogo tu sm 7 au 8, rangi unapata bila kutafuta. Maji ni hayo hayo magumu.

Mzee wa Sponji
Demasoni mzuri sikatai. Lakini demasoni wawili wanauana, watano wanabaki mmoja. Wanaomuweza wanaweka kumi na tano na zaidi ili ugomvi usambae, kwenye tenki la lita 200 kupanda. Wewe unataka uwapange kwenye lita 50 juu ya vitoto vya multi? Hebu muacheni baba wa watu.

Mbamba Bay
Basi akinunua la lita 200 aniite.

Bongo Leipzig
Nipo Ujerumani huku, duka la samaki la karibu na kwangu wana sehemu nzima imeandikwa Tanganyika. Niliona multi, na hao brevis, na magamba yanauzwa kando kwenye mfuko, ni yale ya konokono wanaoliwa Ufaransa. Nikamwambia muuzaji huyu ni wa nyumbani kwetu, akaniuliza wewe unao wangapi. Nikakosa jibu aisee, nimekulia Mwanga ya hapo Kigoma, sio mbali na ziwa, sijawahi kujua zaidi ya dagaa na migebuka. Nauliza, likizo nikija naweza kubeba wawili watatu kwenye chupa nirudi nao?

Ujiji Moja
Usijaribu ndugu. Kuvua na kusafirisha samaki wa mapambo kunataka leseni na vibali vya uvuvi, uwanja wa ndege watakushika na chupa yako. Nunua tu hao wa hapo dukani, wengi wamezaliwa huko huko na wamezoea maji ya huko. Ukija njoo uvae miwani ya kuzamia uwaone bure.

Luku Imeisha
Hakuna alietaja umeme. Mnampa mtu samaki 11 kwenye lita 50, mgao ukipiga masaa nane je? Kwangu walikufa kwa hilo sio kwa ugomvi.

Mzee wa Sponji
Kweli kabisa, na hiyo ndo sababu nyingine ya kutojaza tenki. Samaki wachache umeme ukikata masaa nane wanapita tu, wakiwa wengi saa ya tatu wanahema juu. Ukikatika usilishe siku hiyo. Chota maji na kikombe yamwage kutoka juu kila baada ya muda, inaingiza hewa. Zipo pampu ndogo za hewa za betri, nunua moja weka kabatini. Na sponji isikae nje ya maji ikakauka, wale bakteria wanakufa na unaanza upya, kukaa sawa tena inaweza kuchukua wiki nne mpaka sita.

Mtu wa Tabata
MREJESHO 2, miezi miwili na nusu baadae

Samahani wakuu kazi ziliniweka mbali. Nilifuata ya Mzee wa Sponji, gapi madume, wawili kwanza kisha watatu, ndoo wiki tatu (mmoja alikufa humo humo kwenye ndoo, sasa nikaelewa ndoo ni ya nini). Wakabaki wanne kwenye tenki. Rangi ikaja, mgeni akija anaona samaki.

Mwezi wa kwanza nilijifunza kulisha juu kwanza, vipande vinavyoelea, gapi wakishashiba ndo nawashushia multi unga laini kwa bomba la sindano bila sindano. Nilipokuwa narusha chakula chote pamoja gapi walikuwa wanashuka na kurudi na mikia imeng'atwa.

Sasa kijana wangu, huyu huyu wa beta, ana miaka saba, ndo akaniambia "baba vitoto vinapungua". Nikasema macho yako. Tukakaa tukahesabu siku tatu mfululizo kabla ya shule. Kweli. Vitoto vya multi vikitoka kwenye gamba kwenda juu kidogo kudaka chakula, gapi anapita anadonoa. Multi wazima hawali watoto wao, wanakaa nao wakubwa kwa wadogo kama familia moja, lakini huyo wa ghorofani kwake kitu chochote kidogo kinachotingishika ni chakula. Hakuna ugomvi wowote, hakuna aliejeruhiwa, ni kimya kimya tu.

Nimewatoa gapi wote wanne. Nyuma ya kioo nimebandika karatasi nyeusi, maji nimeyapunguza sm 6 hivi, nimepanga mawe mawili ya chokaa pembeni yakapanda juu kidogo, na baadhi ya multi wameanza kukaa kwenye mwanya wa mawe. Nimehesabu jana usiku na tochi, wakubwa sita na wadogo kumi na nne ninaowaona. Wife sasa hivi ndo anaekaa kwenye kigoda kuangalia wanavyogombana mchanga, ana mmoja amempa jina la jirani yetu.

Ila kwa hesabu za haraka nilianza na tenki moja, sasa nina tenki, chombo cha beta, na beseni la gapi liko barazani. Wife ameuliza juzi la nne linakuja lini, sikujua ni utani au la.

Mzee wa Sponji
Aisee mpe huyo kijana soda kwa niaba yangu. Mimi gapi na multi nimewaweka pamoja mwaka mzima na sikuliona hilo, nilikuwa nasema vitoto vimejificha.

Beseni la gapi lifunike wavu, paka.

Mtu wa Tabata
Paka keshakuja. Wapo watatu.

Dada Pleko
😭😭

Kinyerezi Mpya
Mkuu uzi nimeusoma wote. Hao vitoto wakifika sm 2 nitunzie sita, nina tenki kama lako limekaa tupu toka mwaka jana, maji yangu ni ya kisima pia, nitapima kwanza.

Mtu wa Tabata
Kapime, halafu njoo na ndoo yenye mfuniko. Magamba njoo nayo yako, haya sitoi.